Widal 1:160 hapa Nairobi: ni taifodi au ni karatasi tu?

#1 SeramuTupu
Wadau, salaam. Karatasi za Widal, kipimo cha kingamwili za taifodi kwenye damu, kutoka maabara za mitaani, kuanzia Githurai mpaka Kayole, zina maandishi yale yale: "TO 1:160, TH 1:80, taifodi chanya." Homa ina siku mbili, damu imetolewa mara moja, na mgonjwa keshadungwa sindano ya kwanza kabla hajafika stejini.

Msimamo wangu: taita moja (hiyo 1:160, yaani seramu imezimuliwa mara 160 na bado inashika) ya siku moja haitoshi kumwanzishia mtu antibayotiki. Kingamwili za O (TO, dhidi ya ukuta wa bakteria) huanza kuonekana kama siku ya 6 hadi ya 8 ya homa, za H (TH, dhidi ya mikia yake) siku ya 10 hadi ya 12. Mtu wa homa ya juzi akisoma 1:160, mara nyingi hizo ni kingamwili za maambukizi ya zamani au ya kitu kingine. Utaratibu unaotakiwa ni sampuli mbili zenye siku 10 hadi 14 katikati, na taita ipande mara nne. Nani hapa huona sampuli ya pili ikirudi?

Chanya zote hizi zinatoka wapi? Mbinu mbovu, biashara, au taifodi kweli imejaa jijini?

#2 Kipimajoto
Nitajibu upande wa meza ya maabara tu, mengine nawaachia wenyewe.

Widal ya slaidi ikifanywa kama inavyotakiwa, unaweka seramu mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5 kwenye miduara mitano, kisha tone la antijeni (bakteria waliouawa), mikrolita kama 50, kila duara. Hapo ndipo zinapotoka 1:20, 1:40, 1:80, 1:160 na 1:320. Unachanganya, unazungusha slaidi kwa dakika moja, unasoma papo hapo chini ya mwanga mzuri: chembechembe zikitokea ni chanya.

Sasa angalia kinachofanyika. Pipeti hakuna, seramu inadondoshwa kwa kitone cha plastiki, tone moja kila duara. Hiyo si taita tena, ni makisio. Pili, slaidi inaachwa mezani mtu akihudumia foleni, akirudi dakika ya nne antijeni imekauka kwenye kingo na imejivuta kuwa chembechembe. Anaandika chanya. Tatu, chupa ya antijeni haikutikiswa, kwa hiyo tone la juu ni maji na la chini ni uji. Nne, friji. Antijeni inataka nyuzi 2 hadi 8. Ikigandishwa au ikikaa kwenye joto stima ikipotea wikendi nzima, hushikamana yenyewe bila kingamwili yoyote.

Na jambo linalorukwa kuliko yote: duara la maji ya chumvi na duara la seramu inayojulikana kuwa chanya. Weka maji ya chumvi na antijeni peke yake. Hilo likifanya chembe, kazi yote ya asubuhi hiyo itupwe. Ukiingia maabara ukaona slaidi ya Widal isiyo na kontroli, usisome matokeo yake.

#3 Mlevi_wa_Chai
Kipimajoto, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unatufelisha praktiko. Nimeijua hiyo sauti.

#4 KemistiWaKona
Nawasikia lakini mnatuonea. Mgonjwa anaingia akiwa tayari anajua anachotaka. Kichwa, tumbo, uchovu, "nipime taifodi." Ukimwambia ni virusi, apumzike na anywe maji, anavuka barabara kwa jirani anayepima. Kalcha ya damu (kuotesha bakteria kutoka kwenye damu) inachukua siku, bei yake ni mara kadhaa ya Widal, na maabara nyingi za mtaa hazina chupa wala mashine. Afisa tabibu afanye nini saa kumi na moja jioni na mtu ana homa ya 39?

Halafu hili suala la biashara lisiwekwe juu ya kemisti peke yake. Anayeuza vifaa vya kupimia anajulikana, na anayeagiza vipimo vitano kwa homa moja anajulikana pia.

#5 TakwimuNiTakwimu
Mnabishana kabla ya kupiga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, Widal moja inanasa wagonjwa 70 kati ya 100 wa kweli, na inawaacha salama watu 80 kati ya 100 wasio na taifodi. Watu 1,000 wenye homa, 50 kati yao wana taifodi kweli.

Wa kweli wanaonaswa: 35. Wasio nayo ni 950, na asilimia 20 yao inasoma chanya: 190. Jumla ya chanya 225, wa kweli 35. Yaani kama 16 kwa kila 100. Hata Kipimajoto akisimamia kila slaidi yeye mwenyewe na pipeti mkononi, hesabu haibadiliki sana, kwa sababu tatizo liko kwa nani anapimwa.

Punguza wanaopimwa. Chukua wale tu wa homa ya siku tano na zaidi, malaria hasi, hakuna kikohozi wala koo. Tuseme hapo taifodi ni 200 kati ya 1,000. Chanya za kweli 140, za uongo 160. Sasa umefika 47 kwa 100. Kipimo ni kile kile, tofauti imeletwa na mlango wa kuingilia.

#6 Mdau_wa_Mukuru
Hesabu nzuri, ila inaweza kumfanya mtu wa Lavington aamini taifodi ni hadithi. Si hadithi. Utafiti wa Kibera wa 2007 hadi 2009, uliotumia kalcha ya damu na si Widal, ulipata wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lwak, kijijini magharibi mwa nchi, kwa mbinu ile ile walipata 29. Na walipofanya marekebisho kwa wale ambao hawakufika kliniki au hawakutolewa damu, watoto wa miaka 2 hadi 4 wa Kibera walifika 2,243 kwa kila 100,000. Hicho ni kiwango cha kutisha popote duniani.

Kwa hiyo mtoto wa Laini Saba, Kibera, mwenye homa ya wiki na mtu mzima wa Kilimani mwenye mafua hawawezi kusomewa karatasi kwa macho mamoja. #5 atakubali, maana ndiyo hesabu yake.

Sababu yangu mimi ni maji. Bomba la plastiki linapita ndani ya mtaro, presha ikishuka siku ya mgao linafyonza kilicho nje. Mengine yote yanakuja baada ya hapo.

#7 TakwimuNiTakwimu
Nakubali, bila masharti.

#8 OteshaDamu
Jamani, kalcha nayo si malaika. Mkikusanya tafiti zilizoilinganisha na kalcha ya uboho, kalcha ya damu inanasa takriban wagonjwa 6 kati ya 10. Sababu ni idadi ya vijidudu: kwenye damu ya mgonjwa wa taifodi kwa kawaida kuna bakteria kama mmoja kwa mililita, na zaidi ya nusu wamejificha ndani ya seli. Ukimtoa mtu mzima mililita 2 unacheza bahati nasibu.

Kwa hiyo kiasi ndicho kipimo. Mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa chupa, na chupa mbili ni bora. Mtoto mdogo mililita 1 hadi 3 kulingana na uzito wake, kwenye chupa ya watoto. Uwiano wa damu kwa mchuzi wa kuoteshea uwe 1 kwa 5 hadi 1 kwa 10. Damu ikizidi, kinga za damu yenyewe zinaua wadudu. Ikipungua, hakuna cha kuota.

Mkono: safisha kwa spiriti asilimia 70, kisha klorheksidini au ayodini, na uache ikauke yenyewe, sekunde 30 za kweli. Hapa ndipo wengi hupuliza kwa mdomo. Usiguse tena mshipa kwa kidole baada ya kusafisha. Ondoa kifuniko cha chupa, pangusa mpira kwa spiriti, maana kifuniko hulinda vumbi tu, hakiui wadudu. Jaza chupa ya kalcha kwanza kabla ya tyubu ya hemogramu (hesabu ya chembe za damu). Na usiiweke friji! Chupa ikichelewa kufika ikae kwenye joto la chumba.

Antibayotiki zilizotangulia ndizo adui mkubwa. Chupa zenye resini hufyonza dawa kiasi na kusaidia, lakini mtu aliyekunywa siprofloksasini siku tatu kutoka kemisti, hesabu zake ni ngumu.

#9 Mlevi_wa_Chai
KemistiWaKona umetajwa.

#10 KemistiWaKona
Nimeona. Nanyamaza kwa leo.

#11 SeramuTupu
Asante OteshaDamu. Sasa kituo kisicho na mashine wala bajeti ya chupa za resini kifanye nini? Si lazima tuishie kwa slaidi tu.

#12 OteshaDamu
Bonge la damu. Ukishavuta seramu ya Widal, lile bonge linabaki kwenye tyubu na watu hulitupa. Kama tyubu ilikuwa safi na damu ilichukuliwa kwa usafi niliosema, lipasue na ulitie kwenye mchuzi wa nyongo ya ng'ombe wa asilimia 10. Nyongo inapasua seli, wale waliojificha wanatoka, na pia inazuia baadhi ya bakteria wa ngozi. Faida nyingine: kwa kuwa seramu imeondolewa, kingamwili na dawa zilizomo kwenye seramu zimeondoka nayo.

Otesha nyuzi 35 hadi 37, na uhamishie kwenye sahani za kuoteshea za MacConkey na XLD siku ya 1, 2, 3, na mara ya mwisho siku ya 7. Kwenye MacConkey tafuta koloni zisizo na rangi. Kwenye XLD nyekundu, kitovu cheusi kinaweza kuwepo au kisiwepo. Kwenye TSI, tyubu ya jeli ya kutofautisha bakteria, Typhi (Salmonella ya taifodi) hutoa weusi kidogo tu pale mteremko unapokutana na kitako. Ukiona tyubu nzima nyeusi tii, fikiria Salmonella nyingine kabla hujaandika Typhi. Kisha antisera (seramu za kutambua aina): O9, Vi, na H ya d.

Ni kazi. Lakini inafanyika kwa inkubeta na mtu mmoja mwenye subira.

#13 Zamu_ya_Usiku
Naingia na kesi ili tutoke kwenye nadharia. Mtoto wa miaka 7, Kasarani, homa siku ya sita, tumbo linauma kidogo, hajaharisha, anakohoa kidogo usiku. Hakusafiri. Kipimo cha haraka cha malaria hasi, slaidi hasi. Chembe nyeupe 4.2, eosinofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe) sifuri, hemoglobini 10.8. Ametoka kliniki nyingine na Widal: TO 1:80, TH 1:320. Hajapewa antibayotiki, kwa jinsi mama anavyosema. Mngefanyaje?

#14 Msomi_wa_Ronga
TH hiyo ni ya chanjo. Julai 2025 watoto walichanjwa nchi nzima pamoja na surua na rubela, miezi 9 hadi miaka 14. Puuza H, angalia O. 1:80 si kitu. Na Mwingereza Widal mwenyewe alisema H pekee haina maana.

#15 Kipimajoto
Msomi, makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

La kwanza ni dogo. Fernand Widal alikuwa Mfaransa, mzaliwa wa Algeria, na kipimo alikitangaza Paris mwaka 1896.

La pili ndilo la kuua. Chanjo iliyotumika ni ile ya Vi iliyounganishwa na toksoidi ya pepopunda. Ndani yake hakuna O wala H, ni sukari ya ganda la nje la bakteria peke yake. Haiwezi kupandisha TO wala TH. Chanjo za zamani za bakteria mzima aliyeuawa ndizo zilizokuwa zikipandisha H kwa miaka, na hizo mtoto wa miaka 7 hajawahi kuziona.

#16 Msomi_wa_Ronga
Nimekubali la Vi. Ila H bado inaweza kuwa ya maambukizi ya zamani, hilo hamjanipinga.

#17 Daktari_Jioni
Kuhusu kesi ya #13. Homa siku ya sita, malaria hasi, chembe nyeupe za chini kidogo, eosinofili zimepotea kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonivutia kuliko Widal. Kwenye taifodi eosinofili huzama karibu na sifuri, na zikiwa nyingi mimi huanza kutafuta kitu kingine. Si uthibitisho, maambukizi mengine ya bakteria hufanya hivyo pia.

Toa kalcha kwanza, kwa kiasi alichosema OteshaDamu. Sikiliza kifua vizuri na umpime oksijeni, kwa sababu nimonia ya mtoto huja na tumbo. Pima mkojo. Kama yuko imara, anakunywa na hatapiki, azithromaisini miligramu 20 kwa kilo kwa siku, mara moja kwa siku, siku 7, kipimo kisizidi gramu moja. Kama ni mgonjwa sana, alazwe, seftriaksoni miligramu 80 kwa kilo kwa siku, jumla siku 10, na unaweza kumhamishia ya mdomo akipata nafuu.

Waambie wazazi hili mapema: hata dawa sahihi ikitumika, homa ya taifodi huchukua siku nne mpaka sita kushuka. Asilimia kubwa ya "dawa imekataa" ninayoisikia ni mtu wa siku ya tatu aliyebadilishiwa dawa tatu. Na kinyume chake, homa iliyoshuka kesho yake asubuhi baada ya sindano moja pengine haikuwa taifodi hata kidogo.

#18 KemistiWaKona
Hapo mwisho umesema jambo, daktari. Wengi wanaopona kwa sindano tatu walikuwa na maambukizi ya virusi yanayopona yenyewe. Kisha jina la taifodi linapata sifa, na sindano pia.

#19 Daktari_Jioni
Na yule aliyekuwa nayo kweli akapewa hizo tatu, homa inarudi wiki ya pili au ya tatu baada ya kuacha. Ukichelewa zaidi, wiki ya tatu ya ugonjwa ndipo utumbo mwembamba hutoboka. Kwa hiyo mzaha huu wa sindano tatu unaumiza pande zote mbili.

#20 Mtafiti_Mkaidi
Kuna sababu moja hamjaigusa. Salmonella si Typhi peke yake. Watoto wetu wenye malaria, upungufu wa damu, utapiamlo au HIV hupata Salmonella nyingine kwenye damu, hasa Typhimurium na Enteritidis. Ile Typhimurium ya aina ya ST313 ilielezwa mwaka 2009 na imeenea Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo.

Enteritidis ina antijeni O9 na O12, sawasawa na Typhi. Typhimurium ina O12. Mtoto mwenye Enteritidis kwenye damu atapandisha TO vizuri kabisa. Kwa hiyo baadhi ya "Widal za uongo" ni ugonjwa wa kweli, mzito, ila si taifodi. Na vifo vyake ni vingi kuliko vya taifodi. Ukitupa karatasi ukasema "Widal ni takataka, nenda nyumbani", huyo umempoteza.

Ongeza malaria yenyewe, ambayo huchochea seli za kinga zitoe kingamwili za kila namna. Aliyetoka Busia au Homa Bay wiki jana na vimelea damuni anaweza kusoma 1:160 bila Salmonella yoyote.

#21 SeramuTupu
Hiyo ya Busia ina upande wa pili. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea, hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa malaria. Anafika Nairobi, kipimo chanya, anapewa tena dawa za malaria na za taifodi kwa pamoja. "Malaria na taifodi" imekuwa kama jina la ugonjwa mmoja.

#22 Mlevi_wa_Chai
Wengine huongeza brusela (homa itokayo kwa mifugo) iwe tatu bora.

#23 Mtafiti_Mkaidi
Usicheke. Kile kipimo cha slaidi cha brusela kinachouzwa pamoja na antijeni za Widal kilipimwa kwenye vituo vya magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2017, na kilifanya vibaya mno kikilinganishwa na kipimo kingine cha brusela kiitwacho Rose Bengal. Watu walipewa doksisaiklini wiki sita kwa kitu ambacho hawakuwa nacho. Rose Bengal ni rahisi vile vile: mikrolita 30 za seramu, 30 za antijeni, dakika nne.

#24 Msomi_wa_Ronga
Vipi vile vipimo vya antijeni ya Salmonella kwenye choo? Ndivyo vinachukua nafasi ya Widal kila mahali sasa. Na TUBEX?

#25 TakwimuNiTakwimu
Cha choo kinakuonyesha kuna antijeni ya Salmonella tumboni. Hakikuambii ipo kwenye damu. Mbebaji asiye na homa ya taifodi atasoma chanya, na vingi havitofautishi Typhi na wenzake. Mtu wa mafua aliyekula yai lenye Salmonella juzi anapata cheti cha taifodi.

TUBEX hutafuta kingamwili za IgM dhidi ya O9. Mapitio ya Cochrane ya 2017 yaliipa asilimia 78 ya kunasa na 87 ya kuwaondoa wasio wagonjwa. Afadhali, lakini irudishe kwenye hesabu ya #5 yenye wagonjwa 50 kati ya 1,000: 39 wa kweli, kama 124 wa uongo.

Halafu soma tafiti hizi kwa uangalifu, maana kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa kulinganisha. Kipimo kipya kinapimwa dhidi ya kalcha, na kalcha inakosa 4 kati ya 10. Hao wanne kipimo kipya kikiwanasa, mtafiti anawaandika "chanya za uongo". Kipimo kizuri kinaadhibiwa kwa kuwa bora kuliko hakimu. Ndiyo maana wengine hutumia hesabu zinazochukulia kwamba hakuna kipimo kilicho hakimu kamili, zikakisia ukweli kutoka kwenye vipimo vitatu au vinne kwa pamoja.

Wa pili unakwenda upande mwingine, na ndio unaopendwa na wauzaji. Angalia kundi la wasio wagonjwa lilikuwa nani. Wakiwa wachangia damu wenye afya njema, kipimo kitang'aa asilimia 98. Wakiwa watu wenye homa za malaria, virusi na nimonia, ambao ndio wanaokuja kliniki, kitashuka. Jedwali la kwanza la makala litakuambia. Usisome muhtasari peke yake.

#26 Mdau_wa_Mukuru
Umetaja mbebaji, hapo ndipo pangu. Asilimia 2 hadi 5 ya waliougua hubeba Typhi kwenye kibofu cha nyongo kwa zaidi ya mwaka bila dalili. Akiwa mpishi wa kibanda, maji yakitibiwa yote bado anaambukiza. Kumpata ni shida kwa sababu hutoa vijidudu kwa vipindi, kwa hiyo choo kimoja hasi hakimsafishi. Angalau sampuli tatu za siku tofauti, zioteshwe, si kuangaliwa kwa hadubini kutafuta minyoo kisha mtu akagongewa muhuri wa cheti cha kupika.

#27 KemistiWaKona
Hapo kwa cheti umegusa mshipa wa watu. Tuendelee.

#28 Kipimajoto
Nimerudi kwa la usugu wa dawa. Maabara kadhaa bado zinaripoti jentamaisini na sefalosporini za kizazi cha kwanza kuwa "S" (yaani dawa inafanya kazi) kwa Salmonella. Kwenye sahani duara lisilo na vijidudu kuzunguka diski ya dawa linatokea kubwa na zuri. Mwilini hazifanyi kazi kwa sababu vijidudu wako ndani ya seli na dawa haiwafikii vya kutosha. Hazitakiwi kuripotiwa kabisa.

Na siprofloksasini: usitegemee asidi ya nalidiksiki peke yake, kuna aina za usugu inazikosa. Weka diski ya pefloksasini mikrogramu 5. Milimita 24 na zaidi, sawa. 23 kushuka, usimpe mgonjwa sipro, hata diski ya sipro ikionekana nzuri.

#29 Daktari_Jioni
Hili liandikwe ukutani. Kloramfenikoli, ampisilini na septrini zilishaanguka kwa pamoja Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, sipro ikachukua nafasi, nayo inalegea. Pakistan tangu 2016 wana Typhi isiyosikia hata seftriaksoni, wamebaki na azithromaisini na karbapenemu. Kila sindano tunayompa mtu wa mafua inasukuma huko.

#30 SeramuTupu
Ndiyo maana mimi naweka lawama kwenye kipimo. Kipimo kibaya ndicho kinachozaa sindano.

#31 Mtafiti_Mkaidi
Na mimi nasema hata ukiondoa Widal kesho, sindano zitabaki. Mtoa huduma anaogopa kumwacha mgonjwa bila jina la ugonjwa. Atahamia kile cha choo, kama wameshaanza kuhama.

#32 Mdau_wa_Mukuru
Chanjo na maji. Nepal chanjo ya Vi iliyounganishwa ilikinga asilimia 81.6 kwenye matokeo ya mwanzo, na Malawi watoto waliofuatiliwa zaidi ya miaka minne bado walikuwa juu ya 75. Wagonjwa wa kweli wakipungua, Widal chanya zitakuwa za uongo zaidi. Hesabu ya #5 tena.

#33 TakwimuNiTakwimu
Mwanafunzi bora wa uzi huu.

#34 Zamu_ya_Usiku
Kesi ya #13. Chupa ya mtoto imelia (mashine imeashiria kuna kinachoota) saa ya 38. Rangi ya Gramu inaonyesha koki (bakteria wa mviringo) chanya kwenye vishada. Mkojo safi, kifua safi, oksijeni 97. Tulianza azithromaisini baada ya kutoa damu. Leo siku ya pili ya dawa, homa bado 38.6.

#35 Msomi_wa_Ronga
Stafu (Staphylococcus)! Badilisheni dawa.

#36 OteshaDamu
Subiri. Vishada vya saa 38 kwenye chupa moja, mtoto asiye na kidonda wala katheta, mara nyingi ni bakteria wa ngozi. Fanya koagulesi, kipimo cha kutofautisha stafu hatari na wa ngozi. Ikiwa hasi, andika uchafu wa ngozi na usiitibu. Koki hao wakiota kwanza hawafuti Typhi anayeota polepole, kwa hiyo hamishia kwenye MacConkey leo na urudie kesho. Ulitoa chupa ngapi, na mililita ngapi?

#37 Zamu_ya_Usiku
Moja. Mililita 2. Mshipa ulikuwa mgumu, tulidunga mara mbili mkono ule ule.

#38 Daktari_Jioni
Basi hatuna jibu bado. Siku ya pili si ya kubadilisha azithromaisini kama anakunywa na hali haijazorota. Tumbo likianza kukakamaa au akichanganyikiwa, mlaze usiku huo huo, usisubiri chupa.

#39 Kipimajoto
Na kama seramu ya yule mtoto iko kwa maabara iliyompima kwanza, waombe wakupe, uigandishe. Siku ya 10 hadi 14 toa ya pili, uzipime zote mbili pamoja, mkono mmoja, chupa moja ya antijeni, na duara la maji ya chumvi pembeni. Ukiilinganisha na ile karatasi waliyokuandikia, tofauti ya mara mbili inaweza kuwa ni ya pipeti tu.